Taa za Masomo ya Jioni

Mwaka 1964, katika basi la kutoka Busia kwenda Tororo, Mwalimu Edah wa Lunyo aliketi karibu na Jamilu, mchuuzi wa ngozi asiyemjua. Jamilu alimwuliza safari yake, naye akasema anakwenda kwa afisa wa elimu kuomba ruzuku ya masomo ya jioni kwa wasichana waliobaki nyuma darasani.

"Hiyo ruzuku nasikia mnatumia pesa yenu kwanza, halafu wao wanarudisha," Jamilu alisema. "Wewe umetumia ya nani?"

"Yangu. Nimeuza baiskeli, nikanunua taa, mafuta na vitabu."

"Kabla hawajakubali? Mwalimu, hao hawarudishi!"

Hofu hiyohiyo ndiyo iliyomkosesha Edah usingizi, lakini hakuionyesha. "Mtihani unakuja. Hauwezi kumngoja afisa apige muhuri."

"Na akikataa?"

"Nitarudi wiki ijayo. Akikataa tena, nitarudi tena, na wasichana wataendelea kusoma."

"Kwa pesa gani, mama?"

Basi likasimama Tororo. Edah alikaza kitambaa chake kichwani, akainuka.

"Cherehani bado ninayo," alisema, akashuka.