Nafasi ya Mbele, Kulia

Ndugu waombolezaji, wasifu huu una aya moja ambayo Baba Mdogo Beno ameomba isisomwe. Mama amesema isomwe, nami binti yake nitaisoma.

Mwalimu Athanas Millanzi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, Ndanda, Masasi, na alisoma shule ya msingi hukohuko. Muhula mzima alikwenda darasani akiwa amembeba mgongoni mdogo wake, Beno, aliyekuwa na donda mguuni.

Mwaka 1980 alihitimu ualimu, akapangiwa sekondari hapa Kariakoo, akafundisha historia hadi alipostaafu mwaka 2017. Alimwoa mama yetu, Skolastika, mwaka 1985.

Aya yenyewe ni hii. Marehemu alifundisha kwamba nyayo za mababu wa binadamu kule Laetoli, Ngorongoro, zina zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, na kwamba mababu wale walitembea wima zamani sana kabla ubongo wao haujakua. Kwa nini walisimama? Wataalamu bado wanabishana. Yeye aliamini ni ili mikono ipate kubeba. Siku moja aliwaamuru Kidato cha Kwanza watambae uwanjani na tenga la nyanya. Nyanya zilitapakaa, mkuu wa shule akafoka, marehemu akacheka mpaka machozi.

Pasaka ya mwaka 2009, Baba Mdogo, ambaye ni katekista, alimuuliza mezani, mbele ya wageni:

"Kaka, unawaambia wanangu wametokana na nyani?"

"Nawaambia wametokana na waliobebana, Beno."

Baba Mdogo aliinuka, akaacha sahani yake imejaa. Hawakuongea tena. Iliniuma, na bado inaniuma.

Novemba 2023 marehemu alipata kiharusi, miguu ikakataa. Kubebwa kulimtia aibu. Wiki yake ya mwisho alituambia, "Siku hiyo, Beno ashike mbele, kulia." Tulimpigia simu Baba Mdogo. Alijibu, "Nimesikia," akakata. Marehemu alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja.

Wabebaji wa jeneza wako watano badala ya sita. Gari la kwenda makaburi ya Kinondoni limeshafika, nasi hatutaweka mtu mwingine hapo mbele, kulia.

Baba Mdogo, shikamoo. Kaka yako anasubiri kubebwa.

Mungu amlaze Mwalimu wetu mahali pa raha.