Ngoma ya Zipora

Kwenye benchi la kahawa la Joha, pale Ipagala, kila mtu ni bingwa wa jambo asilolisomea. Asubuhi ile Matonya alikaa pembeni, kahawa ikimpolea mkononi. Mwaka jana daktari alimwambia mkewe, Zipora, kwamba goti lake limelika upande mmoja tu. Alishauri wakate mfupa chini ya goti, wanyooshe mguu uliopinda, uzito uhamie upande ulio mzima. Matonya akalileta jambo hilo kijiweni, kijiwe kikalikataa. Hata leo lilikuwa halijaisha.

— Mfupa haujavunjika, unaukatia nini? alisema Yoramu, waliyemwita Bunge kwa kuwa hoja zake hazifungwi.

— Na ukifunguliwa, uboho unapigwa upepo, akadakia Ernest, Profesa wa kijiwe. Mtu anasahau hata majina ya wanawe.

— Halafu wanyooshe mmoja, mwingine je? Bunge akarudi. Atatoka hapa anakwenda Nzuguni, ajikute Zuzu, upande wa pili wa jiji!

Benchi likaangua kicheko. Mwaka jana Matonya naye alicheka, akarudi nyumbani akamwambia Zipora, "Wazee wamesema tusubiri." Leo kicheko kilimkataa. Siku hizi mkewe alishika ukuta kwenda uani, yeye aliyeongoza muheme, ngoma ya kina mama, kila harusi, kapiga magoti, ngoma kaibana mapajani, vumbi likitimka. Juzi Matonya alishindwa kuvumilia, akamwambia, "Basi, wakukate tu." Leo Zipora alikwenda kwa daktari na binti yao, Loisi.

— Mie nasema ni lami, Bunge akaendelea. Tangu tuwe jiji, lami inayavuta magoti kwa chini.

Hapo Loisi akatokea, ngoma ya mama yake kichwani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Mama yako yuko wapi? aliuliza Matonya.

— Yuko nyumbani, baba. Daktari amesema goti sasa limelika pande zote mbili. Kunyoosha mguu hakusaidii tena. Kupiga magoti ndiyo basi.

Loisi akaitua ngoma chini, mbele yao.

— Mama amesema, kwa kuwa wazee ndio mlioamua, niwaulize: ngoma hii ampe nani?

Profesa akainamia viatu vyake. Matonya akaigusa ile ngozi ya ngoma, akalia waziwazi mbele ya rafiki zake. Joha alipita na birika, na hakuna aliyenyanyua kikombe.