Kihispania cha Babu Pasi

Mbele ya duka la dobi mmoja aliyebandikwa jina la Pasi palikuwa na benchi lililolegea mguu mmoja. Kila alasiri Pasi alikaa hapo akinywa kahawa na wenzake wawili: Refa, aliyewahi kuchezesha mpira akatimuliwa na mashabiki, na Dokta, muuza dawa ya panya. Siku hiyo Pasi alikuwa roho juu. Binti yake aliolewa ughaibuni, na mjukuu wake alijua Kihispania tu. Wiki iliyopita mtoto alimwambia kwenye simu, "Te quiero, abuelo," yaani nakupenda, babu. Pasi asiijue maana, akacheka kama zezeta. Mtoto akaangua kilio, akidhani anachekwa. Leo angepiga tena.

— Kupenda ni querer, Pasi alisema. Mimi nilijiandalia "te querer" yangu, binti akanicheka. Eti ni kama kumwambia mtoto "mimi kupenda wewe". Lazima mkia ubadilike: quiero ni mimi, quieres ni wewe, quiere ni yeye.

— Sasa huyo "mimi" yuko wapi? Refa aliuliza. Sisi tunasema napenda, unapenda, anapenda. Mtu anatangulia, unamwona.

— Kwao anaingilia mlango wa uani, alisema Dokta. Ni watu wa haya, hawapendi kujitanguliza.

— Haya wapi! Refa alipinga. Ni mbio. Wanaongea kasi, mtu anaachwa nyuma, analikimbiza neno mpaka analidaka mkia!

— Na hiyo "i" imezukia wapi katikati? Pasi aliuliza. Querer haina.

— Hiyo kwikwi ya mapenzi, Dokta alijibu bila kupepesa. Ukipenda kweli, sauti inakatika.

— Mbona "tunapenda" ni queremos? Kwikwi hakuna.

— Mkiwa wengi, kila mtu anamtegea mwenzake.

Pasi akajishika kichwa.

— Kichwa hiki nimekifuga bure. Kazi yake kushika kofia tu.

Simu ikaita. Kwenye kioo akatokea mtoto amenuna, midomo mbele, hataki hata kusalimu. Pasi akasimama wima kama anaapishwa. Mikia yote ikamchanganyikia.

— Te... te quiere!

Refa na Dokta wakapiga makofi. Mtoto akakunja uso.

— ¿Quién?

Wakatazamana benchi zima.

— Huo mkia mpya, Dokta alinong'ona.

Sauti ya binti ikasikika pembeni, inazuia kicheko:

— Baba, umemwambia "anakupenda". Anauliza, nani?

Pasi alitazama ule uso mdogo unaosubiri jibu kwa dhati. Akajipiga kifua kwa kiganja, pu, pu, mpaka simu ikatikisika.

— Babu! Huyu hapa! Babu!

Mtoto akamkodolea macho, kisha akacheka, mapengo nje. Akasogea karibu, akamfundisha taratibu kama mwalimu na mwanafunzi mzito:

— Te quie-ro.

— Te quiero, Pasi alisema.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, akataka tena. Pasi akarudia, akarudia tena, mpaka kahawa ikapoa kikombeni, na kwa mara ya kwanza pale benchini hakuna aliyembishia.