Mwonjaji Ambaye Katoni Yake Haikufika Nyumbani

Marehemu, ambaye wenzake kazini walimwita Ulimi na jina likamganda hadi mtaani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli na mshonaji. Dada yake anayemfuata anasema hakuna aliyeweza kumdanganya kwa kikombe: alionja chai na kutaja nani kaipika, na kama maziwa yameongezwa maji. Wageni wakija, mama yao alimtuma nje asije akamwaibisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970, na mwaka 1974 akapata stashahada ya usindikaji wa vyakula. Alifaulu vizuri, ingawa hesabu zilimpiga chenga.

Tarehe 1 Julai 1975 aliajiriwa kuwa mwonjaji katika kiwanda cha biskuti, akakaa humo hadi alipostaafu mwaka 2008. Chumba chake kilikuwa na meza nyeupe, beseni la kutemea, birika la maji ya uvuguvugu na dirisha lisilofunguliwa ili harufu za nje zisimvuruge. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuangalia kama biskuti imeungua au siagi imeharibika. Wenye kiwanda wapya walipoingia mwaka 1994 walimpa kazi nyingine: atafute ladha ambayo mtoto akila biskuti moja hatulii mpaka pakiti iishe. Beseni likaondolewa, kwa sababu hamu ya kuongeza haijulikani mpaka mtu ameze. Sukari ikapanda, chumvi ikapanda, siagi ikatoka yakaingia mafuta ya bei poa. Ulimi aliipata ladha hiyo. Kiwanda kilimzawadia saa ya ukutani.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu. Ndoa ilikuwa tulivu, isipokuwa jambo moja. Kuanzia mwaka ule wa 1994, kila mwisho wa mwezi kiwanda kiliwapa wafanyakazi katoni moja moja. Wake za wenzake walizisifia. Mwalimu hakuwahi kuiona ya kwake. Mume mara alisema zimekwisha, mara amempa mlinzi, na majibu hayakufanana. Wifi akamshauri mwalimu afumbue macho, maana katoni haina miguu. Basi mwalimu akaanza kunusa mashati na kupekua mifuko. Aliamini kabisa kwamba ipo nyumba nyingine, na humo wamo watoto wengine wanaotafuna haki ya wanawe.

Mwisho wa mwezi mmoja, mwaka 1996, alijifunga kitambaa cha kuazima kichwani, akamfuata mumewe kutoka lango la kiwanda. Ulimi alizunguka nyuma ya karakana ya magari hadi kwenye shimo la takataka, akaangaza kulia na kushoto kama mwizi, akafungua pakiti moja baada ya nyingine na kuzisaga biskuti kwa kisigino, ili hata mwokotaji asizile. Mke akashusha pumzi: hakuna mwanamke. Kisha akawakumbuka watoto wa darasa lake, wanaokuja asubuhi na pakiti hizo hizo mkononi na meno yaliyooza, akajitokeza.

“Baba watoto,” akamwambia, “kama ni chakula, mbona hakifiki kwetu? Na kama si chakula, mbona kinafika kwa wenzetu?”

“Mimi naonja tu, mama. Wauzaji ni wengine.”

Wiki iliyofuata Ulimi alimwomba meneja sukari ipunguzwe. Meneja akamjibu kwamba hakuna mtoto anayeshikiwa bunduki ili ale. Ulimi akarudi mezani kwake. Ada za watoto wote watatu zilitoka kwenye biskuti zile, na mjane ametaka lisemwe wazi, maana naye alizipokea. Alimpenda mumewe hadi mwisho. Lakini tangu siku ile, kila mume alipomwambia kwamba kitu fulani ni kitamu, hakumwamini moja kwa moja.

Mwaka 2003 Ulimi aligundulika kuwa na kisukari. Daktari alimuuliza kama anakula sana vitu vitamu, naye akajibu, “Kazini tu.” Mwaka 2019 alikatwa mguu wa kushoto. Kiwanda kikampelekea kikapu wodini, kimefungwa utepe, kimejaa biskuti; mkewe akakirudisha kama kilivyokuja. Katika wiki yake ya mwisho alimshika mkono mkewe akamwambia, “Nikifa wataleta makatoni. Watasema ni rambirambi. Waangalie wajukuu.” Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024.

Hakukosea. Makatoni yalifika kabla ya jeneza, pamoja na ahadi ya kuchapa ratiba hii ya mazishi bure, endapo ingeandikwa kwamba marehemu alizipenda bidhaa za kiwanda hadi mwisho. Familia imeichapa yenyewe, ndiyo maana karatasi ni nyepesi.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, dada mmoja na wajukuu sita. Kwa wajukuu hao, na kwa kila mtoto aliyeketi karibu na lango la hapa msibani: makatoni yale yanarudi na gari lililoyaleta. Bibi amesema atakayeuliza kama biskuti zile ni tamu asidanganywe. Ni tamu sana. Ndiyo maana babu hakuzileta nyumbani.

Alale salama, mtu wetu.