Dada Majani na Mpunga Uliokuwa Ukituita Nyumbani

Dada yetu mkubwa, mtafiti wa mpunga, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dada Majani, alifariki dunia Jumatano, tarehe 18 Oktoba 2023, saa mbili asubuhi, katika wodi ya wanawake ya hospitali ya wilaya, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee historia yake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na mashine ya kukoboa mpunga, ambako marehemu baba alikuwa fundi, na mama, ambaye ameketi hapa mbele yenu, alilima bondeni nyuma ya mashine mpunga wa aina moja tu, ule wa kunukia, ambao harufu yake ikitoka jikoni ilitutoa popote tulipokuwa, hata mafichoni tulikokuwa tukiikimbia fimbo.

Alianza shule ya msingi Januari 1973 na kumaliza mwaka 1979, na mwaka huo huo uliingia bondeni ugonjwa wa virusi unaogeuza majani ya mpunga kuwa manjano, ambao wakulima wengi huuita kimyanga. Mama alivuna makapi msimu wa kwanza, akavuna makapi msimu wa pili, na wa tatu akapanda mbegu ngumu iliyoletwa na bwana shamba, ambayo haikuugua na haikunukia chochote. Siku wali wake ulipopikwa mara ya kwanza mama alitupakulia, akatutazama, akasema, "Huu utawajaza matumbo, lakini hauiti mtu." Dada alikuwa kidato cha pili, na alituambia baadaye kwamba siku ile ndiyo alichagua masomo yake.

Alimaliza sekondari mwaka 1985, akapata shahada ya kilimo mwaka 1990, na tarehe 1 Julai 1991 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mpunga, ambako alibaki hadi mwisho. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa jiografia, ambaye husema alichumbia mtu mmoja akaoa bonde zima, kwa sababu matembezi yao ya kwanza yaliishia kwenye tope na viatu vyake vilikuwa vya ngozi. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1996, ambaye ni mhasibu, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Februari 2000, ambaye ni fundi umeme.

Pamoja na kazi alizopewa na kituo, alijipa kazi moja ya kwake, nayo ni kuurudisha mpunga wa mama ukiwa na kinga dhidi ya ugonjwa ule. Mwaka 1997 alichavusha mpunga wa kunukia kwa mpunga mgumu, akachukua watoto wa ndoa hiyo, kama alivyopenda kuwaita, akawachavusha tena kwa mpunga wa kunukia, akasubiri, na miche yote ikaugua. Kila mzalishaji wa mbegu hufundishwa kung'oa mche ulioonyesha ugonjwa, naye aling'oa, msimu baada ya msimu, hadi mwaka 2003, alipokiandikia kituo kwamba kinga imepotea njiani na kazi imeshindikana. Mwaka ule alikuja nyumbani mara nyingi, akikaa jikoni na mama.

Machi 2006 alipelekwa masomoni ng'ambo kwa miezi kumi, akajifunza kusoma alama za vinasaba, yaani sehemu ndogo za urithi wa mmea zilizokaa jirani na kinga, ambazo ukizikuta kwenye kipande cha jani umeikuta na kinga yenyewe. Huko ndiko alikofahamu kosa lake. Kinga ile haijitokezi mpaka mche uirithi kwa wazazi wote wawili, na mche ulioirithi kwa mzazi mmoja huugua kama mwingine wowote, huku umeibeba ndani, kwa hiyo miaka yote ile alikuwa aking'oa kile kile alichokuwa akikitafuta. Alimpigia shemeji simu kutoka huko akamwambia, "Mume wangu, nimejua nilipokosea," na shemeji akamjibu, "Basi rudi, maana watoto wako sasa wanataga, nimewalisha mayai tangu Machi."

Aliporudi alianza upya, akikata ncha za majani na kuzitia kwenye bahasha ndogo zilizoujaza mkoba wake mahali pa kanga na kitana, na hapo ndipo alipopata jina lake. Msimamizi wa shamba, ambaye yupo nasi, anakumbuka alivyozuiwa kung'oa safu nzima ya miche ya manjano. "Mama, huu si umekufa?" alimuuliza. "Umeugua, haujafa," dada alimjibu, "na ukiugusa utanitafutia mwingine." Miche iliyokutwa na alama iliwekewa kijiti chekundu, ikamwagiliwa, ikafukuziwa ndege, na kuchavushwa tena kwa mpunga wa mama, kizazi baada ya kizazi, hadi mwishoni ilipoachwa ijichavushe yenyewe ili ipatikane iliyoirithi kinga pande zote mbili, wakati wafanyakazi wa shamba la jirani wakisimama barabarani kushangaa kituo kinacholea wagonjwa.

Kinga bila harufu hakuitaka, na mashine ya maabara haikutosha kumridhisha kuhusu harufu, hivyo kuanzia mwaka 2016 alichemsha wali wa kila kizazi na kutuita kuuonja, mkavu, bila mchuzi wala chumvi, katika vikombe vyenye namba. Shemeji aliwahi kuuliza kama amealikwa chakula au mtihani. Hakimu alikuwa mama, ambaye mwaka 2016 alikisogeza kikombe pembeni, mwaka 2019 akasema, "Umekaribia, kapike tena," na Agosti 2022 alikula kikombe namba nne akanyoosha mkono kuomba kingine. Dada alitoka nje akasimama uani muda mrefu, na sisi tulimwacha.

Februari 2023 alipata maumivu ya tumbo na mgongo, na tarehe 3 Machi vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Alitibiwa hospitali ya rufaa hadi Julai, akarudi nyumbani, na aliendelea kuulizia habari za miche kwa simu, kiasi kwamba binti yake alimtania kwamba ana watoto watatu na wa tatu ndiye kipenzi. Lililokuwa limebaki ni jaribio la mwisho, la kupaka virusi kwenye majani ya mbegu mpya na ya mbegu ya zamani ya mama, kisha kungoja wiki tatu kuona ipi itaugua. Tarehe 29 Septemba aliomba apelekwe kituoni, akakalishwa kwenye kigoda ndani ya banda la wavu, akavaa glavu, akaisugua mwenyewe safu ya kwanza, na zilizobaki akamwachia fundi wa maabara. Jumapili tarehe 15 Oktoba alilazwa. Jumanne jioni alimuuliza mumewe kama kuna habari kutoka kituoni, akaambiwa bado. Asubuhi iliyofuata alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, majirani waliopokezana kulala na mama siku hizi, walimu wanaofundisha na shemeji, na wafanyakazi wa kituo, kuanzia mkurugenzi hadi wafukuza ndege.

Pumzika, dada, umechoka kwa haki, tunakuaga kwa upendo na kwa habari uliyoiulizia. Jana, Ijumaa tarehe 20 Oktoba, saa nne asubuhi, fundi wa maabara na msimamizi wa shamba waliingia kwenye banda la wavu na kukagua mche mmoja mmoja. Mbegu ya zamani imegeuka manjano yote. Ya kwako ni kijani, safu zote.