Eddah Mutanu, Aliyekunywa Kabla ya Kupiga Picha

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, mimi ni Tom, kaka yake marehemu, familia imenituma nisome haya, nanyi mnivumilie sauti ikikatika.

Eddah Mutanu alizaliwa tarehe 14 Juni 1983 katika nyumba za reli, Makupa, kitinda mimba wa baba yetu aliyekuwa fundi wa injini, akasoma papo hapo Makupa hadi darasa la nane, kisha Machakos kwa nyanya, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001.

Mwaka 2003 aliajiriwa studio ya Mzee Noormohamed, Mji wa Kale, kupiga picha za vitambulisho, akaiva katika kazi hiyo, ndipo akaanza safari za Kinango na Ganze kupiga picha za akina mama wanaochota maji dimbwi moja na ng'ombe. Tarehe 7 Agosti 2010 alifunga ndoa na shemeji yangu Odera, karani wa bandarini, wakajaliwa Trizah na Ronny.

Alikuwa na desturi moja iliyonitia wazimu, hatoi kamera mkobani mpaka apewe maji ya mgeni, ayanywe yote, akisema huwezi kupiga picha kiu ya mtu halafu ukakataa maji yake. Nilimgombeza, nikamnunulia maji ya chupa, akayagawa kwa watoto. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tarehe 3 Machi mwaka huu alikunywa maji ya dimbwi hilo kwa Mama Gunga, mmoja wa akina mama hao, kule Kinango, tarehe 5 akaanza kutapika na kuharisha, na tarehe 7, saa tano asubuhi, kipindupindu kikatunyang'anya.

Tangu jana nasikia minong'ono kwamba Mama Gunga, aliyeketi pale nyuma, ndiye aliyemuua dada yangu. Komeni! Alitoa maji aliyokuwa nayo, na wiki iyo hiyo akamzika mwanawe Gunga kwa ugonjwa uo huo. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, basi mgeni amekwenda na mwenyeji hajapona. Picha za Eddah zilitundikwa ukumbini Kizingo, mtaa wa wenye nacho, watu wakazisifu, wakala sambusa, na bomba la maji halikuja Kinango.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa studio, nawe Mama Gunga, uliyekuja na msiba wako mwenyewe, na ambaye jioni hii utachota palepale dimbwini, maana huna pengine.

Pumzika kwa amani, Eddah, sisi huku hatuna.