Telesphori Maganga na Petroli Ambayo Hakuiuza

Marehemu Telesphori Maganga alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Agosti 1938, mtoto wa kwanza wa Mama Epifania. Alizaliwa akitanguliza miguu, ndiyo maana nyumbani tulimwita Kashindye. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Darasa la tano aliliona kupitia dirishani, akasema linatosha.

Mwaka 1959 alifundishwa udereva na mjomba wake, Bartholomeo, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea hapa. Enzi hizo, kati ya Kahama na Runzewe, hapakuwa na dereva wa kumfikia mjomba huyo. Asiyeamini akayaulize makorongo. Marehemu aliendesha malori ya pamba, na mwaka 1975 akakabidhiwa lori la kijiji chetu.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Generoza katika parokia ya Ushirombo. Gari la harusi lilizima njiani, bwana harusi akaingia uvunguni na suti yake. Bibi wa bibi harusi akauliza, "Jamani, huyu anaoa binti yetu au anaoa gari?" Sauti ikajibu kutoka chini, "Shikamoo bibi. Gari nalimalizia, binti nakuja."

Sasa la mwaka 1981, ambalo wengine mngependa tulipite haraka. Hatulipiti. Pampu ya petroli ya lori ilikufa, na vipuri havikupatikana hata kwa dawa. Mzee Januari, mwenyekiti wa kijiji, akaleta pampu ya umeme kutoka Mwanza, yenye nguvu kweli, akajisifu nayo siku nzima. Hakuna aliyejua, hata mjomba ajuaye yote, kwamba kabureta ile haiuwezi msukumo ule. Ndani ya kabureta mna sindano inayofunga njia petroli ikishatosha. Pampu ikisukuma kupita kiasi, sindano inashindwa kufunga, petroli inafurika, bomba la moshi linatoa weusi mtupu, na tangi linakauka safari haijafika nusu. Marehemu aliifungua kabureta kila asubuhi, akaisafisha, akidhani ni uchafu.

Mkutanoni Mzee Januari akasimama. "Telesphori, petroli yetu unawauzia wachimbaji wa dhahabu kule Geita!"

"Mwenyekiti, lori linakunywa."

"Lori halina koo. Mwenye koo ni wewe!"

Watu wakacheka. Waliocheka wengine mpo hapa, mmevaa vizuri. Akanyang'anywa ufunguo mbele ya mkewe, na wanawe wakaanza kuitwa watoto wa mwizi.

Lori akapewa Donatus, shemeji wa mwenyekiti. Wiki ileile likamkaukia porini. Donatus, Mungu ambariki, hakuficha: "Shemeji, hata mimi linanifanya hivyohivyo. Na mimi nauza?" Ndipo akaitwa fundi wa Kahama, akafunga regileta, kidude cha ukubwa wa kikombe cha kahawa kinachopunguza msukumo wa petroli kabla haijaingia kwenye kabureta. Lori likatulia. Na Mzee Januari naye akatulia! Mkutano wa kumwita mtu mwizi uliitishwa kwa kengele. Wa kumsafisha jina haukuitishwa hata kwa mluzi. Huo ni uungwana wa wapi?

Kuanzia mwaka 1985 marehemu aliugua kifua. Kila aliyekwenda kumjulia hali hospitalini alimuuliza, "Mkutano wameshaitisha?"

"Baba Paskalia, pumzika," mkewe alimwambia.

"Nitapumzikaje Generoza, nami bado ni mwizi?"

Alifariki tarehe 9 Machi 1987, asubuhi. Walikuwa hawajaitisha.

Ameacha mama mzazi, mjane, watoto Paskalia, Ignas na Kamili, wajukuu, na mjomba ambaye sauti yake haihitaji kipaza. Mzee Januari, umeketi mstari wa mbele na shada umelishika. Kijiji kizima kipo. Inuka, ulisafishe jina lake kwa mdomo uleule uliomwita mwizi, ndipo tumteremshe kaburini.

Kisha apumzike kwa amani Telesphori Maganga, dereva, ambaye hakuiba.